Je, wajua kwa nini picha moja ya mkono hugombaniwa na lebo nyingi?

Tarehe 22 Desemba 1895, mjini Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Röntgen alimwomba mkewe, Anna Bertha, alaze mkono juu ya bamba la picha. Akaumulika kwa miali ya eksirei, aliyoigundua wiki chache tu kabla. Ikatokea mifupa, na pete ikiwa imezunguka kidole. Sasa tuseme wewe ndiye unayeiingiza picha hiyo kwenye hifadhi ya kidijitali. Utaibandika lebo ya mkono, kiganja, vidole, au zote tatu?

Ugomvi unaanzia kwenye lugha. Mkono wetu Waswahili huanzia begani ukaishia kwenye ncha za vidole. Kiingereza kinaukata vipande viwili na kuvipa majina tofauti: arm, na hand, ambayo hapa naiita kiganja, yaani kuanzia kifundo hadi ncha za vidole. Wanaanatomia, wataalamu wa viungo vya mwili, wanakata zaidi: brachium yao ya Kilatini ni kipande cha juu peke yake, na crus, ya mguu, ni kutoka goti hadi kifundo cha mguu tu, paja halimo. Mwaka huohuo wa 1895 walikubaliana mjini Basel, Uswisi, juu ya orodha moja ya majina, maana kiungo kimoja kilikuwa kikiitwa hivi hapa na vile pale.

Sisi nasi tuna letu. Chukua neno kiwiko. Kuna wanaolitumia kwa pale mkono unapokunjika katikati, na kuna wanaosema kiwiko wakiwa na maana ya pale saa inapovaliwa. Kamusi nazo zimebeba maana zote mbili. Picha yenye lebo ya "kiwiko" itawafikia nusu ya wanaoitafuta na kuwapoteza nusu nyingine. Ndiyo maana mimi ningeandika kisukusuku kwa cha katikati, na kifundo cha mkono kwa kile cha chini, hata kama ni maneno marefu zaidi.

Hospitalini jambo hili si la maneno tu. Picha za eksirei huhifadhiwa kwa mfumo uitwao DICOM, wenye sehemu ya kujaza kiungo kilichopigwa: thamani moja tu. Mara nyingi mashine huijaza yenyewe kufuatana na mpangilio aliouchagua mpiga picha. Akitumia mpangilio wa kiganja kupigia kifundo cha mkono kwa sababu picha hutoka safi zaidi, lebo itasema kiganja. Watafiti wa Aachen, Ujerumani, waliripoti mwaka 2002 kwamba zaidi ya asilimia 15 ya lebo hizo walizozikagua zilikuwa na makosa.

Basi mtu achague vipi? Wikimedia Commons, hifadhi ya picha iliyoanza mwaka 2004, ina kanuni ninayoipenda: picha iwekwe kwenye kundi finyu kabisa linaloifaa, isirudiwe kwenye kundi pana lililo juu yake. Kidole kimo ndani ya kiganja, kiganja ndani ya mkono, kwa hiyo anayeanzia juu atashuka mpaka akikute. Picha ikionyesha kigasha (kipande cha kati ya kisukusuku na kifundo) na kiganja kwa pamoja, hapo panda ngazi moja, uandike mkono. Lakini kwanza uliza picha ilipigwa ili kuonyesha nini. Eksirei ya kifundo kilichovunjika huonyesha pia vidole, na bado ni ya kifundo.

Ile ya Anna Bertha ningeiandika kiganja. Pete nayo ningeipa lebo yake kando, kwa kuwa haimo ndani ya kiungo chochote.