Maji Hayangoji Ratiba: Dhana Potofu za Wanaokuja Kutembea Visiwani Kusini

Naongoza makundi ya watembea kwa miguu kati ya Kilwa na Ghuba ya Mnazi, kusini mwa Tanzania, na kuna sentensi moja nikiisikia gatini najua siku itaanza kwa mabishano: "Ratiba inasema saa mbili asubuhi, na tumeshalipa." Juzi nimeisikia tena kutoka kwa watu wazima, wasomi, wenye heshima zao. Naandika ili wajao waje wakijua, tusipoteze maji mazuri tukijibizana.

Dhana: ratiba ndiyo inayotawala siku, maji ni mandhari tu

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Ratiba iliyochapwa ofisini mjini mwezi mzima kabla ya safari, yenye kuondoka saa 2:00, magofu saa 4:00 na chakula saa 7:00, inafaa siku chache za mwezi tu. Siku zilizobaki ni karatasi.

Siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo, na vivyo hivyo baada ya mwezi mpevu, huja bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, na pwani hii tofauti ya kimo kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hayapandi sana, hayashuki sana. Na kila hali ina saa zake. Wakati wa bamvua, bahari hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka, asubuhi ya saa nne bahari imejaa. Haya si elimu ya siri. Wavuvi wa pweza wa Songosongo hupanga kazi yao yote kwa bamvua, maana ndipo mwamba unapofunuka. Mtoto wa shule hapa Kilwa anajua leo ni maji gani.

Sasa tazama Songo Mnara, kisiwa chenye magofu. Pale tunaposhukia kuna mikoko. Maji yakiwa mengi, nahodha anaingiza chombo karibu na unashuka bila taabu. Yakiwa yamepwa, chombo kinabaki mbali, nawe unakwenda kwa miguu kwenye maji na tope, katikati ya mizizi ya mchu iliyochomoza kama misumari. Kwa hiyo kundi likija wakati wa maji mafu, ile saa mbili ya kwenye ratiba ni saa njema na mimi mwenyewe nitaifuata. Likija wakati wa bamvua, saa mbili maana yake ni kufika maji yakiwa chini kabisa. Hapo ndipo ninaposema tuondoke alfajiri, na ndipo ninapoambiwa nawaamsha watu kwa matakwa yangu.

Matembezi ya ufukweni na kwenye mafungu ya mchanga ni kinyume. Hayo yanataka maji yaliyopwa, na bamvua ndiyo siku yake. Tunaanza maji yakiwa bado yanatoka na tunageuka kabla hayajaanza kurudi. Sisemi yakianza, nasema kabla. Watu wengi huamini bahari hujaa polepole kwa mwendo mmoja, kwamba ukiona maji yanakuja una muda wa kutosha wa kuondoka. Si kweli, na imani hii ndiyo inayonitia hofu kuliko nyingine zote.

Mabaharia wana hesabu ya kugawa kupanda kwa maji mafungu 12. Saa ya kwanza hupanda fungu 1, saa ya pili 2, saa ya tatu 3, saa ya nne 3, ya tano 2 na ya sita 1. Chukua bamvua ya mita 3: saa ya kwanza maji yamepanda sentimita 25 tu, nawe unaendelea kupiga picha. Saa ya pili yameongezeka sentimita 50. Saa ya tatu zinaingia sentimita 75, na ya nne 75 nyingine. Pale ulipopita ukiloweka kifundo cha mguu maji yakiwa chini kabisa, baada ya saa tatu ni mita moja na nusu, shingo ya mtu mzima, tena kuna mkondo unaovuta.

Jambo la pili hawalioni kwa sababu wanatazama baharini. Maji hayaji kwa kukukabili mbele. Huanza kujaza hori, yaani vijito vya bahari, na mikondo iliyo nyuma yako, kati yako na nchi kavu, huku fungu la mchanga ulilosimama bado ni kavu na jeupe. Ukigeuka, njia uliyojia haipo. Mtu anayejua kuogelea anadhani hilo si tatizo. Aogelee basi na begi, simu, na mama wa miaka sitini aliyemshika mkono.

Kwa hiyo nikisema saa nne kasorobo tunageuka, tunageuka. Fedha mliyolipa imenunua chombo, chakula, nahodha na mimi. Kupwa kwa bahari hakuuzwi. Ukitaka kunisaidia, kabla hujakata tiketi ya basi niambie unataka nini hasa: magofu, au mafungu na mwamba? Kisha tuchague tarehe kwa kuangalia mwezi. Programu za simu zinazoonyesha kujaa na kupwa ni nzuri, zipakue, lakini zinakupa saa na kimo tu. Hazijui tope liko wapi wala hori lipi hujaa kwanza.

Dhana: pwani ni tambarare, kwa hiyo ni kazi nyepesi

"Kaka, sisi tumefika Uhuru, hii pwani itatushinda?" Hongereni kwa Kilimanjaro, nasema kwa moyo. Lakini mlimani mlipambana na baridi na uhaba wa hewa. Huku mtapambana na joto lenye unyevu. Hewa ikishashiba unyevu, jasho halikauki mwilini, na jasho lisilokauka halipozi mtu. Unatiririka maji yote na bado unawaka. Ongeza mchanga laini unaomeza kila hatua, na jua linalopiga juu kisha likarudi tena kutoka kwenye maji na mchanga mweupe. Vijana wenye nguvu ndio huanguka mwanzo, kwa sababu huanza kwa kasi na hawapendi kuonekana wanakunywa maji.

Lita 3 kwa kila mtu kwa siku ya matembezi, hilo silijadili. Mtaniambia njiani kuna madafu. Dafu ni zuri na mimi nalipenda, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na kinachokutoka kwenye jasho ni sodiamu hasa. Dafu halichukui nafasi ya maji na chumvi. Mimi hubeba pakiti za chumvichumvi zile za kuzuia kupungukiwa na maji, na ndimu. Kula na karanga za chumvi mkipumzika, zinasaidia kuliko biskuti.

Na anayedhani kusini yote ni tambarare aende Newala asimame Shimo la Mungu, atazame chini kuelekea bonde la Ruvuma. Au aje nimpandishe Rondo, kule Lindi, msitu wa komba wadogo wasiopatikana sehemu nyingi. Miguu yake itamwambia.

Dhana: pwani ni kandambili

Hapana. Kandambili hubaki topeni hatua ya tatu, nawe unamalizia peku juu ya matumbawe yanayokata kama chupa iliyovunjika. Vaa raba kuukuu za kufunga kamba ambazo huoni huruma zikilowa na chumvi, na soksi. Kwenye maji ya mchanga buruza miguu, usiinue: samaki aitwaye taa hulala amejifukia, akisikia mtikisiko huondoka, akikanyagwa huchoma. Kidonda cha tumbawe kioshwe kwa maji safi palepale hata kikiwa kidogo, maana hukaa na uchafu ndani na kuvimba usiku.

Dhana: magofu ya Kilwa yalijengwa na Wareno

Hili linaniuma kwa namna nyingine, maana nalisikia kutoka kwa Watanzania wenzangu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akakuta mji wa Waislamu wenye sultani wao, al-Hasan ibn Sulaiman. Husuni Kubwa, jumba la kifalme, ni kazi ya zama za sultani huyo, na Msikiti Mkuu ulikuwa umeanza kabla yake, yeye aliupanua. Mji huu ulipiga sarafu zake wenyewe. Wareno walikuja 1505 kwa mizinga, wakajenga ngome, wakaondoka 1512. Ile ngome iitwayo Gereza mnayoiona mkishuka Kilwa Kisiwani ina mabaki ya ngome yao, lakini sehemu kubwa iliyosimama ni ya Waomani. Mawe ni matumbawe ya bahari hii na chokaa ni ya hapa hapa. Msikae juu ya kuta kupiga picha: UNESCO iliyaweka magofu haya kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Dhana: kisiwa ni cha Mungu, kibali cha nini, au basi, kila hifadhi ni ya TANAPA

TANAPA ni shirika la hifadhi za taifa, na hifadhi za taifa zilizo visiwani ni Rubondo na Saanane, huko Ziwa Viktoria. Huku kwetu taratibu ni nyingine. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziko chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, na kibali huchukuliwa Kilwa Masoko kabla ya kupanda chombo, si baada ya kufika. Msimbati na Ruvula ziko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, na humo ada yake ni ya hifadhi za bahari. Hifadhi ya bahari ina vijiji ndani yake, watu wanaishi na kuvua, kwa hiyo unapita kwenye uga wa watu: salamu kwanza, nguo za kuogelea zibaki kwenye maji, na usimpige mama picha akiwa na ndoo ya pweza kabla hujamwomba. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa Selous mwaka 2019 na kufika mpaka upande wa Liwale, ndiyo ya TANAPA, na huko hutembei kwa miguu bila askari mwenye silaha. Makombe na matumbawe yaacheni mlipoyakuta.

Dhana: mvua za kusini ni kama za Dar, na kimbunga hakifiki kwetu

Kusini hatuna vuli na masika zilizoachana. Tuna msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, wakati mwingine Mei. Kundi linalokuja Februari likidhani ni kiangazi kati ya mvua mbili linakuta njia za udongo zimekuwa matope. Kimbunga nacho kimeshafika: Lindi ilipigwa Aprili 1952, na Hidaya ya Mei 2024 ilikata barabara kuu huko Kilwa. Njooni kuanzia Juni. Juni hadi Agosti hali ya hewa ni ya kupendeza, ila upepo wa kusi hukaza mchana, kwa hiyo kuvuka ni asubuhi. Oktoba, kusi ikishalegea, bahari hutulia zaidi lakini joto limeanza kurudi.

Dhana: wenye nguvu watangulie, wazee watafuata

Kundi likikatika, waongozaji wawili hawatoshi. Mimi hukaa mbele, mwenzangu hukaa nyuma ya mtu wa mwisho, na mwendo wa wote ni mwendo wa huyo wa mwisho. Wapo wanaoona wanadhulumiwa: wamelipa sawa, kwa nini wamngoje mtu mmoja? Kwa sababu mahesabu yangu yote ya kugeuka yamefanywa kwa mwendo wake. Kijana akitangulia nusu kilomita kwenye mafungu, siwezi kumfuata bila kumwacha mzee, wala siwezi kumwita, upepo wa kusi unabeba sauti. Kwenye mikoko ni vibaya zaidi, hatua ishirini tu hamwonani.

Dawa ninayoitumia ni kumweka mwenye mwendo mdogo nyuma yangu mara moja, mtu wa pili kwenye mstari. Akiwa mbele hajioni mzigo, na wenye haraka wakiwa nyuma yake hupunguza bila kuambiwa. Lakini lazima nimjue. Mwenye goti bovu, pumu, sukari au presha, mwenye mimba, asiyejua kuogelea, aniambie jioni ya kuamkia safari tukiwa wawili pembeni, na dawa zake azibebe mwenyewe kwenye begi lisilopitisha maji, si kwenye sanduku lililobaki hotelini Masoko. Simkatalii mtu kwa kuniambia. Nabadili tu njia, na saa ya kuondoka.