Cheti cha Ndoa si Uraia

Wanandoa wengi wanaotoka Sheria House, Nairobi, wakiwa na cheti cha ndoa mkononi huamini kwamba mwenzi wa kigeni amekuwa Mkenya siku hiyo hiyo, au angalau akifika Nyayo House, makao makuu ya uhamiaji, atapewa uraia bila maswali. Sivyo.

Ibara ya 15 ya Katiba ya 2010 inampa haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia mtu aliyekuwa katika ndoa na raia wa Kenya kwa muda usiopungua miaka 7, awe mke au mume. Waume wa kigeni walinyimwa nafasi hiyo na katiba iliyotangulia, na pengine ndiyo sababu simulizi za wazee kuhusu jambo hili hazilingani. Hata miaka hiyo ikitimia, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inataka ndoa iwe haikufungwa kwa ajili ya kupata uraia, na wawili hao wawe wanaishi pamoja wakati wa kuomba.

Kabla ya hapo kuna njia mbili. Mkenya anaweza kumwombea mwenzi wake pasi ya mtegemezi, ambayo humruhusu kuishi nchini lakini si kuajiriwa, jambo linalowashtua wengi waliokwisha kuahidiwa kazi. Baada ya miaka 3 ya ndoa, mwenzi anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, na kwa maoni yangu hatua hii hupuuzwa bure.

Mkenya mwenyewe hapotezi uraia wake kwa kuoa au kuolewa na mgeni, wala kwa talaka.