UFAFANUZI: Mabakuli ya urushi ya Kijapani hayana sumu

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu, ukidai kuwa mabakuli ya mbao ya Kijapani, yale meusi au mekundu yanayong'aa kwa kupakwa urushi, hutoa sumu yakitiwa supu ya moto. Si kweli.

Hofu hiyo ina chanzo. Urushi ni utomvu wa mti, na ukiwa mbichi una urushioli, kemikali inayowasha ngozi na kutoa malengelenge. Mafundi wanaoanza kazi hupata upele mara nyingi. Mti huo ni wa familia moja na mkorosho, na wabanguaji wa korosho wanajua jinsi mafuta ya ganda yanavyounguza vidole.

Lakini urushi haubaki mbichi. Fundi hupaka tabaka jembamba, kisha huweka chombo kwenye kabati lenye unyevunyevu. Humo kimeng'enya cha utomvu wenyewe, kikisaidiwa na oksijeni, huigeuza urushioli kuwa utando mgumu usioyeyuka kwenye maji wala pombe. Wajapani wamekunywa supu ya miso (rojo la soya iliyochachushwa) kwenye mabakuli hayo kwa karne nyingi.

Maelezo haya yanahusu urushi halisi tu, kwa hiyo kabla ya kununua, uliza au soma lebo: ni urushi, au plastiki iliyopakwa rangi? Na ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mweleze aliyeutuma kwa upole.