Eka tatu zilivyogeuka mitaa

Kabla ya Mapinduzi ya 1964, upande wa magharibi wa Unguja ulikuwa shamba juu ya shamba: mikarafuu Kizimbani na Dole, minazi na miembe ukishuka kuelekea mjini. Mwenye shamba mara nyingi alikaa mjini. Aliyelala humo alikuwa mkulima asiye na ardhi, akipanda muhogo na migomba chini ya miti kwa ruhusa, naye akiipalilia ile miti. Ndiyo maana hata leo mzee wa shamba akikwambia "mwembe huu wangu", usidhani anadai na ardhi uliposimama. Mti una mwenyewe, ardhi ina mwenyewe, na migogoro mingi tunayoletewa sisi wapima ardhi huanzia hapo.

Serikali ilitaifisha ardhi, na kuanzia 1965 hadi miaka ya mwanzo ya 1970 familia zaidi ya 20,000 zikagaiwa eka tatu tatu. Zilikuwa eka za kulima. Aliyepewa alipewa atumie, hakuuziwa. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 nayo ikashika msimamo huo huo wa haki ya matumizi.

Mji haukungoja. Mkoa wa Mjini Magharibi ulihesabiwa watu 593,678 mwaka 2012, na 893,169 mwaka 2022. Baba akifariki, eka ilibaki kwa ndugu sita au saba. Mmoja akauza kipande kwa kupima hatua, mwengine akafuata.

Hapa pana hesabu ambayo kila familia yenye eka inapaswa kuijua. Eka tatu ni kama mita za mraba 12,140. Ukikata viwanja vya mita 20 kwa 20 utapata 30, kwa sharti moja: usiache njia hata moja. Ukiacha barabara na mtaro, vitabaki ishirini na kidogo. Vile vinavyopungua ndiyo njia ya gari la zimamoto na ya jeneza, ndiyo nafasi baina ya shimo la choo na kisima cha jirani. Nimepima mitaa ambayo mgonjwa hutolewa kwa kubebwa mikononi hadi barabarani, na hakuna pa kuipitisha njia tena ila kwa kuvunja nyumba ya mtu. Inauma, kwa sababu mstari mmoja kwenye karatasi kabla ya kiwanja cha kwanza kuuzwa ungetosha.

Basi warathi wamalize mirathi kwanza, wamwite mpima na sheha, kiongozi wa serikali wa eneo lao, njia zichorwe, ndipo mauzo, kama yanaruhusiwa, yapelekwe Bodi ya Uhamisho wa Ardhi, inayopitisha mauzo ya ardhi. Nawe mnunuzi, omba hati ya eka yenyewe, si karatasi ya mauziano peke yake. Kisha nenda kakitazame kiwanja masika, mvua ikinyesha, na uwaulize wazee maji yalikuwa yakipita wapi miembe ilipokuwapo.