Kufaktorize bado haiko kupata x

Hapa Goma niko nasikia sana, ku baeleve na hata ku bakubwa benye banabasaidia kazi ya masomo mangaribi, mutu anasema « nimefaktorize, basi ekwasio (mulinganyo wa kutafuta x) imeisha ». Hapana, haiyaisha.

Kufaktorize ni kuchukua kitu chenye kilikuwa somu (bintu bya kujumlisha) na kukiandika kikuwe produi (bintu bya kuzidisha, kila kimoja kinaitwa fakteri), x² − 5x + 6 inakuwa (x − 2)(x − 3), juu umetafuta namba mbili zenye ukizizidisha zinaleta 6 na ukizijumlisha zinaleta 5, mwenye alipita mu humanite (sekondari) anajua. Njo ile tu. Lakini pale hauyasema x ni ngapi, juu ile mistari mbili ziko sawa kwa x yoyote, weka 10 uone, huku 56, kule 56.

Mwenye kufanya kazi ya kutafuta x ni zero. Ukizidisha bintu mbili na jibu ikatoka zero, lazima moja yao ikuwe zero, njo maana, kama (x − 2)(x − 3) = 0, tunaandika x − 2 = 0 ao x − 3 = 0, kiisha tunapata 2 na 3. Namba ingine haina ile nguvu, na pale njo roho inaniuma, juu mu makaye naonaka x(x − 5) = 6, mutoto anaandika x = 6 ao x − 5 = 6, anapata 6 na 11. Sasa angalia bile inadanganya: 6 ni jibu ya kweli, 6 mara 1 ni 6, anahakikisha hiyo moja na anaamini njia yake iko muzuri, kumbe 11 mara 6 ni 66. Alipashwa kuleta kwanza 6 upande ya kushoto, x² − 5x − 6 = 0, (x − 6)(x + 1) = 0, majibu ni 6 na −1. Tena kuko benye bakiona x² = 5x banagawanya na x mbio mbio, banabaki na 5, na jibu ya zero imepotea palepale.

Na hii ya kuweka zero upande moja batu hawakuizaliwa nayo. Al-Khwarizmi, mwenye hesabu wa kule Baghdad mu karne ya 9, alikuwa anaandika kwa maneno ekwasio kama x² + 21 = 10x, bintu bya kuongeza pande zote mbili, juu hakukuwa anatumia namba za chini ya zero, na majibu yake 3 na 7 aliyatafuta kwa kukamilisha kare (kuongeza namba ili upande moja ikuwe kitu kimejizidisha chenyewe), hapana kwa fakteri. Harriot, mwenye hesabu wa Uingereza, kazi yake ilitoka 1631 yeye amekwisha kufa, njo tunaona ekwasio kama produi yenye iko sawa na zero, na mu 1637 Descartes, mwenye hesabu wa Ufaransa, akachukua x − 2 = 0 na x − 3 = 0 akazizidisha, ikatoka ile ile x² − 5x + 6 = 0. Ona, alianza na zero, fakteri zikafuata.

Basi mutoto akikuambia amefaktorize, usimukatalie, amefanya kazi ya kweli. Umuulize tu: produi yako iko sawa na ngapi? Kama haiko zero, arudishe kila kitu upande moja kwanza, kiisha afaktorize upya, na « x = » aiandike kisha pale.