Gongo la mtoto, gongo la mtu mzima: kucheza magongo huku Kusini bila kuishia njiani

Wanaouliza kuhusu mpira wa magongo (hoki) huku Kusini mwa Tanzania huanza na vifaa: gongo linauzwa wapi, bei gani. Mimi huanzia ardhini. Mpira wenyewe ni mdogo, mgumu, una gramu 156 hadi 163, na kazi yake ni kubiringika. Ardhi ikiufanya uruke-ruke, mtoto hajifunzi kuutuliza, anajifunza kuuogopa. Wengi wanaoacha wakiwa na miaka 12 au 13 wameachishwa na kiwanja, wala si uvivu.

Mtwara mjini na Lindi adui ni mchanga. Kiwanja cha kichanga kinachovumilika kwa soka hakifai kwa magongo: mpira unazama, kichwa cha gongo kinachimba, na mshtuko wote unaishia kwenye vifundo vya mikono. Ufukwe maji yakiwa yamekupwa ni uwanja wa bure, kwani mchanga uliolowa na kushikana hubiringisha mpira vizuri. Ila usipange ratiba kwa saa ya ukutani. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji huenda mbali na kuacha eneo pana, lakini hukupwa asubuhi, kuelekea saa nne au saa tano. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50, na yakifika maji mafu, siku ambazo maji hayaendi mbali, ukanda uliobaki ni mwembamba. Kwa hiyo ufukwe ni wa Jumamosi na Jumapili asubuhi, tena baadhi tu.

Kiwanja cha saruji cha shule, kile cha mpira wa kikapu chenye mita 28 kwa 15, kinatosha wachezaji watano kwa watano. Saruji inaufundisha mkono upesi kwa sababu mpira haubadilishi njia, lakini inakula gongo. Zungushia kichwa utepe mweusi wa mafundi umeme, safu mbili, na ubadilishe ukianza kutoboka. Hapo piga marufuku kupiga kwa kuinua gongo. Iwe kusukuma tu.

Mkitaka kiwanja chenu, tumieni udongo wa kichuguu. Eneo la mita 20 kwa 12, tabaka la sentimita 3, linahitaji mita za ujazo 7 na kidogo likishashindiliwa, kwa hiyo leteni 9 au 10, maana udongo mlegevu hunywea. Pondeni mabonge, chekecheni kokoto, sambazeni, mwagieni maji jioni, kisha shindilieni asubuhi ukiwa na unyevu bila kunata kwenye kiatu. Pipa la lita 200 lililojaa maji lina kilo 200 bila kuhesabu bati lake, na wavulana wanne wakilivuta kwa fremu ya bomba linatosha. Kinachoharibu kazi hii ni haraka: udongo ukishindiliwa ukiwa tope unapasuka ukikauka, na ukishindiliwa mkavu unageuka vumbi. Fanyeni mvua zikiisha, Mei au Juni, siyo Novemba.

Sasa gongo. Sheria inaruhusu urefu usiozidi sentimita 105 na uzito usiozidi gramu 737, nalo lote lipite kwenye pete ya milimita 51. Upande wa kushoto ni bapa, wa kulia ni mviringo, na mpira unachezwa kwa bapa na kingo zake tu. Kwa mtoto, simamisha gongo kando ya mguu wake akiwa amevaa viatu: ncha ya juu ifike kwenye mfupa wa nyonga. Wa urefu wa sentimita 120 hivi anahitaji gongo la inchi 28. Mtu mzima wa kawaida anahitaji inchi 36.5. Gongo refu mno utalijua kwa kiwiko: mpini unamchoma tumboni, anainua kiwiko cha kushoto kuukwepa, na mpira unamrudia miguuni.

Wengi hupata magongo ya watu wazima yaliyotumika na kuyakata. Inawezekana, ila kata juu, kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, ukiwa umefunika pua na mdomo, kwa sababu vumbi la nyuzi za fiba ni baya kwa mapafu. Funga mpini upya kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Jua pia kwamba gongo lililokatwa linaelemea kichwani, hivyo usikate zaidi ya inchi 3.

Je, wachongaji wetu hawawezi kuyatengeneza? Wanaweza, lakini wasiguse mpingo. Ni mzito karibu mara mbili ya mforosadi, mti ambao magongo ya mbao yamezoea kutengenezwa nao. Kwa mazingira yetu ningechagua mpera: mgumu, hauvunjiki ovyo, na watu wanautumia kwa mipini. Siri iko kwenye tawi. Tafuta lenye kona ya asili, ili nyuzi zifuate mkunjo. Ukichonga kona kutoka kwenye mti ulionyooka unakata nyuzi, na kichwa kitang'oka mpira mgumu wa kwanza. Paka ncha rangi, likaushe kivulini wiki kadhaa, ndipo uchonge bapa. Kwa chumvi na unyevu wa pwani, pakaa mafuta ya kitani. Mafuta ya nazi hayakauki, yanabaki yakinata na kukusanya mchanga.

Hapa nafika kwenye jambo ninalolisisitiza kuliko yote: mkono wa kushoto. Huo ndio unaokaa juu ya mpini na ndio unaozungusha gongo. Wa kulia unakaa chini yake sentimita 25 hadi 30, umelegea, gongo likizunguka ndani ya kiganja. Mtoto aliyezoea jembe hukamata kwa nguvu kwa mkono wa kulia, kisha anageuza gongo kwa kukunja mikono yote miwili. Anaweza kwenda hivyo miaka mitatu bila shida inayoonekana. Shida huja akikabwa kutoka kushoto kwake: hawezi kuuvuta mpira kwa gongo lililogeuzwa, anaupoteza, na kila mtu anadhani hana kasi.

Dawa yake ni zoezi moja. Weka mpira mbele ya kidole kikubwa cha mguu wa kulia, mbali kama urefu wa mkono. Mkono wa kulia uende mgongoni. Kwa wa kushoto peke yake, sukuma mpira kulia kwenda kushoto sentimita 30, ruka juu yake na kichwa cha gongo, geuza bapa, urudishe. Kifundo kinazunguka kama cha mtu anayefungua kitasa, bega halitikisiki. Mara 20, pumzika, mara 20 tena. Mpira ukikimbia, ujue mtoto anaupiga badala ya kuusindikiza: kichwa cha gongo kinaachana nao. Ndipo mkono wa kulia urudi, kwa vidole viwili tu mwanzoni. Anayetumia kushoto hana gongo lake maalumu, sheria hairuhusu, lakini huyo mara nyingi hulipata zoezi hili kabla ya wenzake.

Hadi miaka 8 tumia mpira wa tenisi, ambao hauzidi gramu 60. Miaka 9 hadi 11, mpira mgumu, ila kwa kusukuma tu. Kupiga kwa kuinua gongo kusubiri miaka 12, tena kwenye ardhi sawa. Siku mpira mgumu unapoingia, shingadi (kinga za miundi) na kinga ya meno ziingie pamoja nao. Kubishana kuhusu gharama hapo sikubaliani nako.

Kalenda ya Kusini nayo ina mambo yake. Likizo za Juni na Desemba vijana huenda jando na unyago, kwa hiyo msipange mashindano ya watoto wakati huo. Mvulana aliyetoka jandoni asikimbizwe mpaka kidonda kipone kabisa. Kuanzia Oktoba korosho inawachukua watu wazima; timu ya Newala au Tandahimba inayotegemea Novemba itacheza na viti.

Ukubwani kinachokwamisha ni mgongo. Aliyepita miaka 30 anainama kiunoni kwa sababu mapaja yamechoka, na kesho yake hawezi kuinuka kitandani. Shuka kwa magoti, mguu mmoja mbele, kifua kikiwa juu ya goti la mbele. Pasha mwili dakika 10, ukimalizia na mbio fupi za kasi inayopanda, maana misuli ya nyuma ya paja huchanika kwenye mbio ya kwanza ya ghafla. Vaa glovu mkono wa kushoto. Unapolaza gongo kuzuia mpira, vifundo vya vidole ndivyo vinavyosugua ardhi. Anzeni saa kumi na nusu jioni, na Juni mkumbuke giza linawahi.

Sheria zenyewe zinawapendelea wakongwe. Mabadiliko hayana idadi wala kusimamisha mchezo, hivyo cheza dakika 6, pumzika 3. Kuotea kulifutwa miaka ya 1990: mwenye miaka 50 na mikono mizuri anaruhusiwa kusimama ndani ya nusu duara ya goli, ile ya mita 14.63, akisubiri mpira wa kuusukumia golini. Duniani kuna mashindano ya wakongwe kuanzia miaka 35. Na anayesema mchezo huu si wetu akumbushwe kwamba Tanzania ilicheza Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Tulifungwa na India 18–0, ndiyo, lakini tulikuwemo.

Mechi ya rika mchanganyiko inahitaji masharti machache. Bila kipa mwenye vifaa kamili, simamisheni ubao wa sentimita 46 nyuma ya mstari wa goli na hesabuni tu mabao yanayogonga ubao. Goli lenyewe liwe la upana wa mita 2, badala ya 3.66 za uwanja mkubwa. Anayekaba mtoto asitumie gongo lililogeuzwa, kwa kuwa hapo ndipo miguu hugongwa. Mpira ukipanda juu ya goti kumwelekea mtu aliye ndani ya mita 5, aliyeupiga anatoka dakika 2, awe mtoto au mjomba wake.