Je, wajua kwa nini mcheri unaoning'inia huota tawi lililosimama wima?

Mcheri wa maua wenye matawi yanayoning'inia unapendwa sana kwenye bustani ndogo za nyumbani huko Uingereza na Marekani, sawa na Japani ulikotoka. Ukinunuliwa kitaluni huwa na shina lililonyooka, na juu yake matawi yanayoshuka pande zote. Miaka michache baadaye linaweza kutokea tawi moja linalopanda juu moja kwa moja, nene na lenye nguvu kuliko yote, lisilo na dalili ya kuinama. Wengine hulifurahia wakidhani mti umepata afya. Wengine husema mti umerudia asili yake. Ukweli ni kwamba, mara nyingi, tawi hilo ni la mti mwingine kabisa.

Karibu kila mcheri wa aina hii unaouzwa ni miti miwili iliyounganishwa. Chini kuna shina la mcheri wa kawaida unaokua wima, mathalani mcheri-mwitu wa Ulaya, Prunus avium. Juu, kwenye kimo cha mita moja na nusu hivi, mwenye kitalu amebebesha vikonyo, yaani vijitawi vilivyokatwa, vya mcheri unaoning'inia. Ni kazi ileile inayofanywa kwetu kwenye miembe na michungwa, ila sisi hubebesha karibu na ardhi. Hapa hubebeshwa juu kwa sababu kikonyo cha namna hii kikiwekwa chini, bila kufungwa kwenye mti wa kukishikilia, matawi yake yatatambaa ardhini.

Sogea karibu uangalie pale matawi yanapoanzia. Utaona uvimbe pale miti miwili ilipoungana, na gome la juu yake halifanani na la chini. Sasa fuata lile tawi la wima kwa kidole mpaka kwenye chimbuko lake. Likitokea chini ya uvimbe, ni chipukizi la shina lililobebeshwa. Majani yake huwa mapana kuliko membamba ya juu, na likiachwa mpaka lichanue litatoa maua meupe huku matawi mengine yakiwa na ya waridi. Mti haukubadilika hata kidogo. Shina lilikuwa hai muda wote, likisubiri nafasi.

Dhana nyingine iliyoenea ni kwamba matawi huinama kwa kulemewa na maua. Hii ni rahisi kuipima. Maua ya mcheri hukaa wiki moja au mbili tu, na matawi yanaendelea kuning'inia mpaka Januari, yakiwa hayana hata jani. Uzito una sehemu yake, lakini ni uzito wa tawi lenyewe, na kila mti duniani unao. Swali la kuuliza ni kwa nini miti mingine huushinda uzito huo.

Fikiri mlingoti wa jahazi ulioanza kulala upande mmoja. Mabaharia hawausukumi kutoka chini. Wanaikaza kamba ya upande wa pili, na mlingoti unainuka. Miti ya majani mapana hufanya vivyo hivyo: upande wa juu wa tawi lililoinama hutengeneza mbao maalumu yenye nyuzi zinazojikaza zikikomaa, na kila tabaka jipya la mbao ni kamba iliyoongezwa. (Misonobari na jamaa zake hufanya kinyume: hujenga mbao inayosukuma kutoka upande wa chini.) Sasa kamba zikiwa dhaifu, au zikikazwa baada ya mlingoti kulala sana, haziuinui tena. Ndiyo hali ya mcheri wetu. Chipukizi lake huanza kwa kuelekea juu, kisha hurefuka upesi kabla ya mbao ya kulivuta kutosha, nalo linapinda. Mbao inayofuata hujengwa juu ya umbo hilohilo, na upinde unakuwa wa kudumu.

Ushahidi mzuri ulitoka Japani miaka ya 1990. Watafiti waliyapa machipukizi ya mcheri unaoning'inia jiberelini, homoni ya ukuaji, na machipukizi yakakua wima. Homoni hiyo ilianza kufahamika mwaka 1926, Eiichi Kurosawa alipokuwa akichunguza ugonjwa wa ukungu unaofanya miche ya mpunga irefuke kupita kiasi. Ajabu ni kwamba kitu kinachoiangusha miche ya mpunga kwa kuirefusha ndicho kinachousimamisha mcheri. Lakini tusiseme hili ni jibu la kila mti unaoning'inia. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walieleza kwamba kwa mpichi chanzo ni hitilafu ya jeni waliyoiita WEEP, inayogusa namna tawi linavyotambua juu na chini. Mpichi na mcheri ni ndugu wa karibu, na bado njia zao huenda si moja.

Mti uliobebeshwa juu haurefushi shina lake. Kimo huongezeka taratibu, kila upinde mpya ukianzia mgongoni mwa upinde wa zamani. Ndivyo ilivyo hata kwa miti mikubwa isiyobebeshwa. Takizakura wa Miharu, mkoani Fukushima, unakadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 1,000, na tangu mwaka 1922 unalindwa na serikali kama kumbukumbu ya asili. Ule wa bustani ya Maruyama, jijini Kyoto, ulipandwa mwaka 1949 kutokana na mbegu ya mti uliotangulia, uliokufa mwaka 1947. Kazi ya kuukuza ilifanywa na ukoo wa Sano, watunza bustani, nami naistahi sana, kwa maana si kila mche wa mbegu huning'inia.

Anayetamani kuupanda Dar es Salaam au Mombasa ajue kwamba machipukizi ya maua yanahitaji wiki kadhaa za baridi kali ili yafunguke vizuri, na pwani hayatapata.

Kwa mwenye mti tayari, tawi la chini ya uvimbe liondolewe lote, likingali changa, hata kwa kulikwanyua kwa mkono. Ukiacha kisiki, kitachipua tena, safari hii kwa vichwa viwili au vitatu. Tawi linalotokea juu ya uvimbe na kuelekea juu, liache. Litapinda lenyewe na kuwa tabaka jipya. Na ukihitaji msumeno, subiri katikati ya kiangazi, kwani jeraha la majira ya baridi ni mlango wa ugonjwa wa ukungu unaoyageuza majani kuwa ya rangi ya fedha na kuua tawi moja baada ya jingine.